Barua ya Mpwa Wangu Muuguzi

Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, meno yangu mawili yaliyobaki yadondoke kabla sijamaliza ukurasa.

Mpwa wangu ni muuguzi. Mgonjwa alianguka kutoka kitandani kwenye zamu yake, akavunjika nyonga, na hospitali ikamtaka aeleze kwa Kiingereza, kwa maandishi, kwa nini asifukuzwe kazi. Alikuja kwangu na rasimu, macho yamemvimba.

"Mjomba, wewe umewaandikia mabosi barua miaka thelathini. Nitazamie sentensi zangu."

Hayo nilikuwa nimeyatangaza mwenyewe mtaa mzima. Nilisema hata barua yangu moja ilimliza waziri. Sasa ningekanushaje?

Rasimu ilikuwa ya sentensi fupi fupi. Wagonjwa walikuwa arobaini. Msaidizi aliondoka mapema. Niliomba mwingine mara mbili. Hakuja mtu.

"Hizi ni sentensi au kikohozi?" nikamuuliza.

Nikazifunga zote mkia kwa mkia: mkato, na, ambapo, mkato, ijapokuwa. Ikawa sentensi moja iliyoanzia juu ya karatasi ikatokea chini, inahema.

"Mbona hata mimi sielewi nani aliondoka na nani alianguka?"

"Barua ya heshima haieleweki upesi, mwanangu. Mkubwa huisoma mara tatu."

Akaamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku ya kikao cha kamati ya nidhamu ya hospitali nilimsindikiza. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya matroni, mkuu wa wauguzi, karani wa kamati akatoka na ile barua mkononi. Nikamtambua, naye akanitambua: zamani alikuwa mpiga chapa wa ofisi yetu.

"Tarishi, hii umeandika wewe."

Mpwa wangu akageuka. "Tarishi?"

"Alikuwa anabeba barua zetu, dada. Hakuandika hata moja. Jioni alikuwa akiokota karatasi kwenye kapu langu la taka, nami nikidhani anawashia jiko."

"Nilikuwa najifunza," nikasema. "Kila usiku. Nilizikariri."

"Mzee wangu, kapuni zilikuwa zinaingia zilizokataliwa. Sentensi kama hii bosi alikuwa ananirushia usoni."

Miaka thelathini nimekariri makosa kama mtu anayekariri sala.

"Kamati imeshasoma," karani akaendelea, sauti imeshuka. "Wameelewa kuwa aliyeondoka mapema ni huyu binti."

Mpwa wangu hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Alitazama viatu vyake vyeupe. "Wanangu wanakula kwa kazi hii, mjomba."

Nikaichukua rasimu yake mkobani mwake, nikaingia bila kubisha. Watu watatu wakainua vichwa.

"Wewe nani?" matroni akauliza.

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nikayameza. "Mjomba wake. Barua mliyosoma nimeiharibu mimi. Yake ni hii."

Matroni hakuipokea. Akanisukumia karatasi tupu na kalamu. "Kwanza yaandike hayo, uweke sahihi. Kwa Kiingereza. Hatuwezi kubadilisha maelezo kwa maneno ya mdomoni."

Nikashika kalamu. Kila sentensi ilitaka kukimbia, nikawa naikamata. Mimi ni tarishi mstaafu. Barua ile niliiandika mimi. Mpwa wangu hakuondoka wodini.

Mpwa wangu, aliyenifuata ndani, alisimama nyuma yangu, akasoma polepole.

"Ongeza sentensi moja," akasema. "Andika: Nilimdanganya."

Nikaongeza, nikatia sahihi.