Mota ya Kitanda cha Ogeto

Moshi ulitangulia, mwembamba kama uzi, kisha harufu ikafuata. Niliuchomoa waya kwenye betri kwa pupa hata nikajikwaruza kidole. Ile kontrola ndogo ya kuongoza mwendo wa mota, niliyoitoa Kisii mjini asubuhi hiyo, ilikuwa imebabuka katikati kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Niligeuka kumwomba mume wangu radhi, nikamkuta anacheka.

Ogeto hakuwa amecheka tangu alipoanguka.

"Imekufa kifo cha ghafla," alisema. "Hata sala hatujaomba."

Nami nikacheka, nimepiga magoti kando ya kitanda, nikicheka hadi machozi. Mama mkwe wangu, Nyanchoka, alikuja mbio kutoka kwenye migomba akidhani kumetokea maafa.

Kabla ya kuanguka Ogeto alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai, upande wa Itumbe. Alikuwa mtu wa ngazi na nguzo, hatulii chini. Jumapili moja alipanda juu ya nyumba ya kaka yake kuvuta waya wa taa, bati likateleza kwa umande. Alipozinduka hospitalini, mwili wake kuanzia shingoni ulikuwa umenyamaza, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Tukamrudisha kwetu Sironga na vidole vyake viwili.

Mtu asiyeweza kuketi huona dari tu. Huona pia nyuso za watu zikimwinamia, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Kila alipotaka kukohoa, kunywa uji au kumwona anayebisha hodi, nilimkumbatia kwapani nikamwinua, nikamjazia mito mgongoni. Mgongo wangu ukaanza kulia. Sikusema. Lakini tulikuwa tumelala chumba kimoja miaka mingi, aliusikia.

Wazo la kitanda lilikuwa lake. Thadeus, fundi wa kuchomelea vyuma pale Nyamira, alikikata kitanda chetu akakitia bawaba katikati, ili upande wa kichwa uinuke na kushuka kwa skrubu ndefu. Skrubu ingezungushwa na mota ya waipa, ile ya kufutia kioo cha mbele, iliyotolewa kwenye gari bovu. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sikuwa nimewahi kushika waya uliochubuliwa. Ogeto alikuwa na ujuzi bila mikono, nami nilikuwa na mikono bila ujuzi. Tukafanya kazi hivyo, yeye akisema, mimi nikifunga na kufungua.

"Kwani lazima hiyo kontrola?" nilimuuliza baada ya ile ya kwanza kuungua. "Si tuunganishe mota na betri moja kwa moja?"

"Initupe juu kama gunia la chai? Shingo hii haitaki haraka. Nataka ianze polepole, kama mtu anayeamka mwenyewe."

Tulikuwa tumekosea sote wawili. Benta, muuza vifaa, aliuliza volti, nikamwambia kumi na mbili, akanipa ya volti kumi na mbili. Hakuna aliyeuliza mota inakula umeme kiasi gani.

Basi Ogeto akanifundisha kupima. Nililitoa sandukuni lile koleo lake la mita linaloubana waya na kusoma umeme unaopita. Mota ilipozunguka bure, ilikula ampea mbili tu.

"Hapo inakudanganya," alisema. "Kila mtu ni mpole kama hajabebeshwa kitu. Sasa ishike."

Niliubana mhimili wa mota kwa jiliwa, banio lake la chuma, hadi ukagoma kuzunguka. Mota ikanguruma, namba zikaruka hadi kumi na nane.

"Achia! Isipate moto. Umeona? Hiyo ndiyo njaa yake halisi. Kila inapoanza kuinua mzigo, inaomba karibu hivyo. Nasi tuliipa kontrola ya ampea tano."

Nilirudi kwa Benta. Aliguna, akapekua makasha yake, akatoa ya ampea thelathini, yenye bati nene la kupozea mgongoni. "Hii haitakuaibisha, dada," alisema. "Mpe mzee pole."

Tuliifunga. Nilivibandika vitufe viwili chini ya vile vidole vyake, kimoja cha kupanda, kimoja cha kushuka. Alivisikiliza kwanza kwa ncha za vidole, bila kubonyeza. Kisha mota ikaguna, na mume wangu akaanza kupanda. Alipanda polepole mno, macho yameelekea mbele, mpaka uso wake ukafika sawa na wangu pale nilipoketi. Tulikuwa hatujatazamana hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesahau kwamba jicho lake la kushoto ni dogo kuliko la kulia.

"Mwalimu mkuu wa Magwagwa alikupigia simu," alisema. "Nilikusikia ukikataa."

Niliirudisha ile mita sandukuni. Ilikuwa kazi ya kufundisha shule ya huko, niliyoiomba kabla hajaanguka. Ningelazimika kulala huko siku za juma na kurudi Ijumaa kabla ya Sabato kuingia. Nilikataa nikiwa jikoni, kwa sauti ya chini, nikaendelea kumenya ndizi.

"Kwa hiyo umetengeneza kitu hiki ili niondoke?"

"Nimekitengeneza ili uweze kuondoka. Si kitu kimoja, Bonareri."

Nilikasirika kuliko nilivyojua naweza. Kwa siku kadhaa nilimwinua kwa mikono yangu kana kwamba hakuna mota ndani ya nyumba. Aliniachia nifanye. Kisha asubuhi moja nilitoka jikoni na kikombe cha uji, nikamkuta ameshapanda, ameketi, anautazama mlango ninaoingilia. Alionekana kama mwenye nyumba. Niliketi kitandani nikamnywesha, na mikono yangu haikuwa na kazi nyingine.

Januari nilikwenda Magwagwa.

Alinipigia kila jioni, mama yake akimshikia simu sikioni. Aliuliza habari za wanafunzi kwa majina, akanisimulia waliopita njiani. Siku moja nilisikia kikohozi. "Tiga," alisema, maana yake niache, nisihangaike. "Vumbi tu." Nilimwomba nizungumze na mama. Mama akasema ni vumbi.

Waliniita nikiwa darasani, siku ya Alhamisi. Nilipofika Sironga, wanawake wa kanisa walikuwa tayari wamekaa uani na leso mabegani, na hakuna aliyehitaji kuniambia.

Nyanchoka alinipeleka kando. Alisema kifua kilibana tangu Jumapili. Walitaka kumpeleka hospitalini, akasema wangoje Ijumaa, nikifika. Asubuhi hiyo alijiinua mwenyewe, kwa kuwa akiketi alipumua vizuri zaidi. Alikunywa uji kidogo. Aliuliza saa.

"Nikamwambia ni saa nne. Nikamwambia, mwanangu, sasa nampigia simu mke wako. Akasema, 'Mama, usimpigie. Saa hizi anafundisha.'"

Mkwe wangu aliyarudia maneno hayo mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja kitu aone kama kimeharibika.

Watu waliniambia hakuteseka. Sikuwauliza wamejuaje. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye mpaka wa chai, na mvua ikatuhurumia mpaka wimbo wa mwisho.

Mama alitaka nikae. Nami nilitaka kukaa. Sikuona sababu ya kumfundisha mtu yeyote jambo lolote. Lakini juma lililofuata nilipanda gari kwenda Magwagwa, nikaingia kidato cha pili kipindi cha kwanza, wanafunzi wakasimama kunisalimu kama kawaida. Niligeukia ubao, nikaandika tarehe, nikaandika mlinganyo wa kwanza, kisha wa pili.

Nyuma yangu hakukuwa na sauti ya kiti hata kimoja. Nilikuwa nimesahau kuwaambia waketi, nao walikuwa wamesimama wote, kimya, wakiningoja.