Mpenda Watu

Wifi ya mkunga mmoja alikuwa dereva wa treni, na siku za mapumziko alipenda kualika wageni asiowajua, waje kula na kuzungumza. Safari hii alileta msafiri ambaye domo lake halikupumzika hata likiwa na tonge. Alitaja milima, akataja miji, akajisifu kwamba yeye hasa hupenda kujua watu.

Mkunga akamkata jicho. "Kaka, huyu aliyekupakulia anafanya kazi gani?"

"Si mama wa nyumbani?" akajibu, mkono ukielekea kwenye nyama.

Wifi akalivuta bakuli. "Ninaendesha treni."

Msafiri akacheka, akidhani ni utani, kisha akarudi kwenye milima yake. Mkunga akasonya. Wanawake wakabeba sahani zao hadi jikoni, wakamwacha avume peke yake kama debe tupu.