Viwanda vya Tonton Pierre-Claver

Mvua ya Aprili ilinyesha tangu alfajiri, na Estella alikuwa na usaili saa nne kamili katika kiwanda cha kushona sare, kule Hammarsdale, nje ya Durban. Majina yangeitwa mara moja tu, asiyekuwepo, kwaheri. Baada ya miaka sita ya kusuka vichwa vya watu mtaani Umbilo, vidole vyake vilitaka cherehani.

Simu ilisema: barabara kuu, dakika arobaini. Tonton Pierre-Claver, kaka wa mama yake na mwenye gari, akasema: "Hiyo simu imefika Durban lini? Mimi nilifika kabla yake." Kwenye robot, zile taa za barabarani, akakata kona kushika njia ya zamani, ile inayopita Pinetown.

Tonton alikuwa mlinzi mstaafu. Alilinda viwanda vitatu, na vyote vitatu vilifungwa. Kanisani walimtania kuwa ana mkosi, mpaka wakachoka.

"Hapa walifuma blanketi," alisema, akipunguza mwendo. "Unaona dirisha lile? Nilikaa chini yake."

"Tonton, saa tatu imepita!"

"Siku hizi Ezekieli wa kwetu ndiye anayelinda jengo. Nikipita bila kumsalimu, Warundi wote watasikia nimekuwa bwana mkubwa."

Akashuka. Akaulizia mke, watoto, goti, na mbuzi walioachwa kwao Ngozi, Burundi. Estella akapiga honi. Basi Ezekieli, mtu wa adabu, akaja dirishani kumsalimu na yeye, akaanza kuulizia upya, kuanzia mama yake Estella.

Kwenye kiwanda chake cha pili, cha viatu, kulibaki nyasi na lango lenye kutu tu. Tonton akasimama hata hivyo, akalipungia mkono.

"Eish, Tonton! Unasalimia lango?"

"Limenivumilia miaka tisa. Wewe hata saa moja huwezi."

Walifika saa nne na dakika ishirini. Estella alikuwa ameshalia kidogo, kisha akakasirika kwa sababu poda imeharibika. Getini, wanawake kama thelathini walijikunyata chini ya miavuli.

"Wameshaita majina?"

"Aite nani?" mmoja akajibu. "Mabosi wamekwama kwenye barabara kuu. Lori limepinduka tangu saa mbili."

Estella akageuka polepole, tayari kukisikiliza kicheko cha Tonton mwaka mzima. Lakini garini hakukuwa na mtu. Tonton alikuwa kwenye kibanda cha mlinzi, kofia mkononi, akiuliza kwa heshima zote kama hapa iko nafasi ya ulinzi.

Mwavuli ulimdondoka Estella.

"Tonton! Rudi garini! Nakuomba, kiwanda hiki kimoja niachie!"