Majina Sita

Nabintu anauza vitenge katika soko la Nakawa. Simu yake hupokea jumbe kwa mamia kila siku kutoka kwao, mashariki ya Kongo: sauti, picha, orodha za waliokufa. Mwaka jana jirani yake aliona jina la mwanawe katika orodha moja, akakaa matanga siku tatu, kisha mwana mwenyewe akapiga simu kuuliza mbona mama hapokei. Tangu hapo Nabintu alijiwekea sharti. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, husikiliza kila kitu, hupiga simu, kisha hutuma kwenye kundi la Wakongo wenzake yale tu ambayo kuna mtu aliyeyaona kwa macho yake. Siku nyingine ni mistari miwili. Siku nyingine huandika tu kwamba leo hana la kutuma.

Si wote waliopenda. Kakule, muuza samaki wakavu wa Port Bell, alimwambia mbele ya watu baada ya ibada, "Nani alikupa kazi ya kutuchagulia la kusikia?"

Nabintu alijibu kwamba hakuna aliyempa, na kesho yake akaendelea.

Mwezi wa tano kijiji walikotoka wengi wao kilishambuliwa. Ikaja orodha ya majina arobaini, ikazunguka simu zote. Watu walimsonga aseme neno. Alifunga kibanda siku mbili, akapiga simu mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe alimpata Benedicte, muuguzi wa huko, aliyewaosha maiti kwa mikono yake. Walikuwa sita. Mmoja alikuwa Blaise, mdogo wake Kakule.

Hakutuma. Alipanda boda hadi Port Bell, akamkuta Kakule akipanga magunia, akamketisha, akamweleza: nani alimwona, wapi, saa ngapi.

Kakule alitoa simu yake mfukoni. "Ile orodha ninayo tangu juzi," akasema. "Jina lake nililiona. Sikulia. Nilikuwa nakungoja wewe, dada."

Kisha akalia. Nabintu alikaa naye mpaka mkewe alipofika, ndipo akatoa simu na kuandika yale majina sita. Chini yake akaongeza kwamba wale thelathini na wanne bado anawatafuta.

Mtu mmoja alijibu papo hapo kwamba sita ni wachache mno, kuna kitu anaficha. Nabintu hakubishana naye. Alitafuta namba ya jamaa wa mtu wa kwanza kati ya wale thelathini na wanne, akapiga.