Plau Zilizokuja kwa Bi Mchanga

Haya nilihadithiwa na wifi yangu, mke wa mchomeleaji, wiki ile tuliyopukuchua mahindi kwa mikono hadi vidole vikaota malengelenge, kwa sababu mashine yetu ilikuwa bado haijarudi kutoka kumsalimia mama yake.

Kiwanda ilikozaliwa mashine hiyo kilianza ndani ya zizi. Mume wa Bi Mchanga aliyeyusha vyuma chakavu kwenye tanuri la matofali, na mkewe akashindilia mchanga mbichi ndani ya visanduku, akatengeneza kalibu za plau na za mashine za kupukuchulia. Kabla chuma hakijamiminwa, alipiga magoti akapuliza vumbi ndani ya kila kalibu kwa mdomo wake. "Haya, pumua mwanangu," aliiambia. Basi kila chombo kilitoka pale na pumzi yake, na wakulima walizoea kukuta plau zao zina joto hata asubuhi ya baridi.

Mume alipofariki, mdogo wake alishika funguo. Akajenga ukuta, kisha juu ya geti akatundika kibao: kiwanda hiki kimeanzishwa naye, peke yake. Asubuhi ya kukizindua alimfuata Bi Mchanga kazini.

"Shemeji, chumba chako tunakitaka kiwe stoo. Jioni uwe umehama."

"Nihamie wapi, shemeji?"

"Kwani huna watu wako, uliokotwa?"

"Nina watoto," alisema Bi Mchanga, ambaye hakuwahi kuzaa, akaendelea kushindilia.

Shemeji alicheka, akaenda kuwahutubia wageni. Alikuwa amefika pale anapoeleza alivyolala njaa akibuni plau ya kwanza, ndipo plau ya kwanza ikaingia getini. Ilikuwa kuukuu, pua imelika, imetapakaa udongo. Ikapita katikati ya viti, ikagonga mlango wa Bi Mchanga. Nyuma yake zikaja nyingine, barabara nzima, na mashine za kupukuchulia zikiwa bado na magunzi mdomoni. Wageni walikunja miguu zipite.

Bi Mchanga alitoka akijifuta mikono. Akazipokea moja moja.

"Wewe, pua imekwisha hivi, unalimishwa mawe? Na wewe, kutu yote hii! Hawakupaki mafuta?"

Wenyewe wakafika mbio, wamekasirika kama watu waliotorokwa na mbuzi.

"Mama, tuachie basi," mkulima mmoja alisema. "Mvua hii hapa."

"Mimi sijawaita. Nahama leo, wamekuja kunisindikiza. Nitakakokwenda, na wao huko huko."

Wakulima wakamgeukia shemeji.

"Bwana mkubwa, huyu hahami."

"Na stoo niweke wapi?"

"Jitwishe kichwani."

Shemeji alitazama uani. Plau zilikuwa zimechimbia pua zao ardhini kuzunguka chumba kile, zimezama hadi shingoni, na trekta isingeng'oa hata moja. Akakohoa.

"Akae," alisema. "Akae hadi achoke mwenyewe."

Watu walipiga makofi hadi vumbi likadondoka kutoka paa la kiwanda. Bi Mchanga alicheka mpaka kilemba kikamwanguka. Akarudi kwenye kalibu zake, akapiga magoti, akapuliza, na chuma kikamiminwa mbele ya wageni wote, chekundu kama jua la kuchwea. Plau mpya ilipopoa ilijitoa mchangani yenyewe, ikaenda kujipanga na dada zake.

Kisha shemeji akapanda tena jukwaani, akaendelea alipokatizwa, pale pa kulala njaa. Wageni wakampigia makofi na yeye. Kibao kipo hadi leo, na kila mwaka hupakwa rangi upya.

Bi Mchanga hakungoja hotuba iishe. "Mkishapumzika, kila mmoja arudi kwake," aliziambia plau. "Ila wewe mwenye kutu utabaki nikupake mafuta." Akavua viatu, akakung'uta mchanga, akajilaza na mlango wazi, maana plau mbili zilikuwa zimekaa kizingitini na hakutaka kuzisumbua. Usingizi ukamchukua jua likiwa bado juu, na nje shemeji akiwa bado anajisifu.