Baba Amepumzika

Moshi mweusi ulikuwa unapanda kwenye picha iliyomulikwa juu ya ukuta mweupe wa ukumbi, na watu waliokaa mbele yangu wakanyoosha shingo. Huo si moshi, dada yangu akasema kutoka jukwaani, ni maji. Bahari hupenya kwenye nyufa za sakafu yake, ikashuka hadi kwenye miamba ya moto, ikachemka kupita birika lolote, kisha ikarudi juu imebeba madini. Yakikutana na baridi ya kule chini, madini huganda na kujenga dohani. Alisema haya kwa sauti ileile aliyonifundishia kusoma saa: polepole, bila kumbembeleza mtu.

Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, mahali pa mtu anayetaka kuondoka bila kuaga. Ilikuwa hotuba yake ya kustaafu. Mwaliko ulikuja kwa mke wangu, si kwangu, na mke wangu ndiye aliyenipigia pasi shati na kuniambia kwamba mtu akifika umri wetu hana tena muda wa kununa. Mimi na dada tulikuwa hatuzungumzi, ukiacha salamu za misibani na harusini, tangu siku alipozikwa baba.

Sisi ni watu wa mabomba. Baba alikuwa fundi bomba, mimi nikairithi karakana yake, na dada, kwa maneno ya baba, alikuwa fundi bomba aliyezidisha shule. "Sisi hapa tunawapelekea watu maji ya moto hadi bafuni," alikuwa akiwaambia wateja, "yeye kaenda kuyatafuta baharini." Wateja walicheka na yeye alicheka zaidi yao. Juu ya meza ya vipuri alibandika picha ya dada akiwa melini, kavaa kofia ngumu, kasimama kando ya chuma kirefu kilichojaa vipimajoto, ambacho huteremshwa na kuchomekwa kwenye tope la chini ya bahari ili kupima joto linalopanda kutoka mwambani. Baba alikiita sindano. Mtu akija kununua koki ilimbidi kwanza asikilize habari za sindano.

Kisha baba akaugua. Maradhi yalimkalia kifuani. Akilala chali anakohoa, akilala ubavu anakohoa, na kwa siku nyingi hakupata lepe la usingizi. Dada alikuwa mbali, huko ambako hata meli nyingine hazipiti, akifukuzia zile dohani zake. Alipiga simu ya setilaiti kila alipopata nafasi, na swali lake lilikuwa moja: baba analala? Nami nikamjibu, bado.

Asubuhi moja mama aliniambia mpigie dada yako, na mimi nikatoka uani na simu mkononi nikitafuta maneno. Kuna neno ambalo ulimi unalikataa, hasa kwa simu, hasa kwa mtu aliye katikati ya maji. Nikachukua lile ambalo watu wenye adabu hulitumia.

"Dada," nikasema, "baba amepumzika."

Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Jibu lilichelewa, kama ilivyo kawaida ya simu zile.

"Afadhali," akasema. "Afadhali, jamani. Basi mwacheni apumzike. Msiningoje, leo tunapandisha vyombo."

Ikakatika.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiganja chake juu ya shuka. "Amesemaje?"

"Kasema afadhali. Kasema tusimngoje."

"Labda hakusikia vizuri."

"Kasikia, mama. Ana vyombo vya kupandisha."

Hatukumngoja. Tulimzika kesho yake, na waliouliza mtoto mkubwa yuko wapi niliwajibu kwa maneno yake mwenyewe. Sikuongeza chumvi, hayakuhitaji chumvi. Dada alikuja baada ya majuma kadhaa, amekonda, macho yameingia ndani. Akamkumbatia mama, akaenda kaburini peke yake, akarudi, akakaa. Nilingoja aseme lolote. Hakusema, na mimi si mtu wa kumchimba mwenzangu maneno. Alipoondoka niliibandua picha yake nikaweka kalenda ya kampuni ya mabomba.

Nilimchukia. Nilimchukia kwa utulivu, kama mtu anavyoishi na goti bovu: unajua hatua ipi itauma, unaikwepa, siku zinakwenda. Habari zake zilinifikia kwa wengine. Amepewa uprofesa. Ameacha vyombo vya kusikiliza mitetemeko kule chini mwaka mzima, amevitoa, amegundua hili na lile. Mama alijaribu kutupatanisha hadi akachoka, na alipofariki tulisimama kila mmoja upande wake wa kaburi.

Pale ukumbini picha ikabadilika. Dohani nyingine, ndefu, imesimama bila kutoa chochote. Hakuna maji ya moto, hakuna kiumbe aliyeizunguka.

"Hii wenzetu waliiandika kuwa imekufa," dada akasema. "Mimi na wanafunzi wangu hatusemi hivyo. Tunasema imepumzika. Juu pamepoa, lakini ukichomeka sindano pembeni yake unakuta joto bado lipo. Dohani ikipumzika usiisumbue. Iache. Itaamka."

Alisema sindano, kama baba, na hakuna aliyeshangaa. Kisha akaeleza kwamba neno hilo la kupumzika lilianzia melini, safari moja ambayo kutwa walikuwa wakiulizana: ile imepumzika? Na ile? Akautaja mwaka wa safari hiyo. Mwaka huo naujua. Umechongwa kwenye jiwe la kaburi, na mimi ndiye niliyemlipa mchongaji.

Nikayarudia maneno yake kimoyomoyo, moja baada ya jingine. Afadhali. Mwacheni apumzike. Msiningoje. Hayakubadilika hata herufi, ila sasa yalikuwa yanasemwa na mtoto ambaye baba yake, baada ya siku nyingi za kukohoa, hatimaye amepata usingizi.

Baada ya makofi watu walipewa soda na biskuti. Nilimkuta kwenye kona, anajifuta miwani.

"Umekuja, mdogo wangu," akasema.

"Siku ile nilipokupigia, ulielewa nini?"

Hakuuliza siku ipi. "Nilielewa amelala. Nilimshukuru Mungu palepale kwenye sitaha. Nikawaambia wenzangu mzee wangu kapata usingizi, leo chai napika mimi." Akavaa miwani, akaivua tena. "Siku ya tatu nikapiga, nizungumze naye. Akapokea jirani, sijui nani. Nikamwambia nipe baba. Akasema, pole mwanangu, tulishamzika."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzia wapi? Nimefika, kila mtu anajua kwamba nilisema afadhali. Na kweli nilisema." Akacheka kidogo. "Nikwambie nini sasa, kwamba nilimfananisha baba na dohani?"

Nikacheka na mimi.

"Wewe ulijua umeshaniambia," akaendelea. "Jirani naye alijua nimeshaambiwa. Hakuna mtu aliyewahi kunipa ile habari. Mpaka leo. Huwa naona kama nimeiokota njiani."

Niliweka soda yangu dirishani. Nikamshika mikono yote miwili, jambo ambalo hatukulizoea hata utotoni.

"Dada," nikasema. "Baba amekufa. Amekufa asubuhi, mama kamshika mkono. Hakuhangaika. Jana yake aliniuliza meli yako imefika wapi, nikamdanganya kwamba inarudi."

Alilia kama wanavyolia watu wanapopigiwa simu ya msiba, kwa sauti, ameegemea ukuta, na mimi nikalia naye. Watu wakageuka na glasi zao. Mkuu wa idara, mtu mzima mwenye tai pana, akaja mbio na vitambaa vya karatasi.

"Profesa, jamani, usilie hivyo. Kustaafu si kufa."

"Mwache kidogo, mkuu," nikamwambia. "Amefiwa."

Akashtuka, akashika kifua. "Lo! Pole sana. Amefiwa na nani?"

"Na baba," nikasema. "Tumefiwa na baba."