Kwa Mke wa Marehemu Kaka Yangu

Visiwa vile vilikuwa na redio moja, na redio yenyewe ilikaa katika chumba cha uani cha mjane mmoja, fundi cherehani. Ukiingia kwake unapokelewa kwanza na cherehani na lundo la sare za shule, kisha pazia, kisha chumba kidogo chenye magodoro yaliyoegemezwa ukutani ili sauti isirukeruke. Kipaza sauti kilikuwa kimevikwa soksi ya mtoto mchanga. Nje ulisimama mlingoti wa mabomba, umefungwa kwa waya kila upande, na hata kuku wa jirani walishajua pa kupita. Hakuna aliyelipwa senti. Watangazaji walikuwa walimu, muuza duka, mkunga mmoja mwenye kikohozi kisichoisha, na wote walijitolea kila kitu, hata majani ya chai.

Mitandao ya simu ilikuwa haijafika huko. Mtu akiwa na neno kwa ndugu yake wa kisiwa kingine, alikwenda dukani au zahanati, popote palipokuwa na simu ya upepo, akaita redio. Kila alasiri, katika kipindi cha salamu, mjane alivaa kisikilizio sikio moja, na kile alichokisikia akakisema hapo hapo hewani, neno kwa neno. Kila ujumbe ulisomwa mara tatu, nyimbo zikipita katikati, kwa ajili ya aliyekuwa shambani au aliyesinzia. Na aliyetajwa alikuwa na haki ya kujibu kabla kipindi hakijafungwa. Ndiyo maana watu walimwita Mama Neno, na wengine walimwita hivyo kwa hasira.

Maana hakulainisha kitu. Mke mmoja alimtumia mumewe ujumbe kwamba viatu vya harusi vya huyo mume amempa kaka yake yeye mke, kwa kuwa mume hana tena pa kuvivaa, na Mama Neno akausoma hivyo hivyo, mara tatu, visiwa vizima vikashika mbavu. Mume alipokuja kulalamika, alijibiwa, "Mjumbe hauawi, baba. Nenda kagombane na mwenye ujumbe." Lakini haikuwa ubishi tu. Mwaka wa kwanza wa redio, mtangazaji mmoja mwenye huruma alipokea ujumbe kwamba mzee fulani amezidiwa, akaona vibaya kuwatia watoto wake hofu, akasema mzee anaendelea. Watoto wakamaliza kuvuna kwanza. Walipofika walikuta kaburi limeshaanza kukauka. Tangu siku hiyo Mama Neno alisema katika chumba hiki neno halipunguzwi, na asiyeweza akashone vifungo.

Alasiri moja alikuwa na Betri, fundi wa mitambo, aliyepewa jina hilo kwa sababu maisha yake yote ni kuchaji na kuisha. Salamu tatu nne zilikuwa zimepita. Kisha simu ya upepo ikakwaruza, na sauti ya mwanamume ikasema ana ujumbe.

"Kwa mke wa marehemu kaka yangu," ilisema sauti.

"Kwa mke wa marehemu kaka yangu," alisema Mama Neno hewani.

"Ukoo tumekaa, sote, wakubwa kwa wadogo, na mama yetu ametoa baraka."

Hapo ndipo alipoitambua. Ilikuwa sauti ya shemeji yake. Mdomo wake uliendelea wenyewe, kama mguu wa cherehani unavyoendelea fundi akiwa anawaza mengine. Marehemu hakuacha mtoto, kwa hiyo kiwanja kinarudi kwa ukoo. Amepatikana mtu wa kujenga hapo nyumba ya wageni. Mjane aondoke na boti ya wiki ijayo. Hiyo redio nayo itafute pa kwenda.

Betri aliweka wimbo haraka kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote.

Mama Neno alivua kisikilizio. Alikuwa anaogopa, na asingedanganya mtu kuhusu hilo. Nyumba hii aliijenga na mumewe tofali kwa tofali, yeye akichota maji ya kukandia udongo. Nje ya hapa hakuwa na pa kulaza kichwa, na redio haikuwa na chumba kingine visiwani. Na shemeji alikuwa amechagua makusudi: angeweza kuja, angeweza kumtuma mtu, lakini alitaka mjane ajifukuze kwa mdomo wake mwenyewe huku majirani wanasikia, ili kesho aone aibu hata ya kukaa.

"Mama, nazima," Betri alisema. "Tunasema betri zimekufa. Nani ataniuliza? Mimi na betri zangu watu wametuzoea."

"Umesomwa mara ngapi?"

"Mara moja. Inatosha! Huyo si mtu, huyo..."

"Zimebaki mbili."

"Basi soma cha kiwanja tu. Hayo ya ukoo umekaa sijui mama amebariki, ya nini kujichoma? Yaruke."

Alimtazama kijana wa watu, jasho linamtoka kwa ajili yake, akamwonea huruma. Alijua vilevile kwamba akiruka neno moja leo kwa sababu linamuuma yeye, basi wote aliowasomea maumivu yao walionewa.

"Viatu vya yule bwana nilivisoma," alisema. "Punguza wimbo."

Akasoma mara ya pili. Sasa alisoma polepole, kila neno na nafasi yake: ukoo tumekaa, sote, wakubwa kwa wadogo, na mama yetu ametoa baraka. Akasoma mara ya tatu vivyo hivyo. Kisha akavuta pumzi.

"Huo ulikuwa ujumbe," alisema. "Aliyepelekewa ni mimi, na ninajibu. Shemeji, nimekusikia vizuri kuliko wote. Siondoki. Boti ya wiki ijayo iwachukue wenye safari."

Simu ya upepo ikakwaruza kabla hajafunga mdomo.

Alikuwa wifi yake, kutoka duka la kisiwa cha mbali, anahema kama aliyekimbia. "Sema hivi: mimi ni wa ukoo huo na sikukaa kikao chochote. Kaka alikaa na nani?" Mama Neno akasema hivyo. Akafuata binamu wa marehemu, yeye alikuwa anavuna siku zote hizo, hakuitwa popote. Akafuata baba mdogo, mzee mpole asiyewahi kutuma salamu hata moja maishani mwake, naye akasema, "Hilo neno 'sote' limenishtua, mkwe. Mimi simo."

Betri alikuwa amesimama. "Kumbe alikaa na kivuli chake!" alinong'ona. Na akakumbuka ni neno gani alilotaka lirukwe, akaketi tena.

Mwisho simu ilikwaruza kutoka zahanati, na sauti ikawa ya mama mkwe. Mama Neno alikaa wima. Yule bibi hakuwahi kumpenda tangu siku ya kwanza, na tangu mazishi hawakuwa wamesemezana.

"Unanisikia wewe?" alisema bibi. "Basi niseme, na usipunguze."

"Sipunguzi, mama."

Akamsikiliza na kuyasema hewani maneno yake, kipande kwa kipande: "Mwambie mwanangu sijabariki kitu. Niko kitandani na mguu wangu, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Huyo mkwe wangu ana kiburi. Chai yake ni maji ya kunawia. Simpendi, na yeye anajua. Lakini nyumba ile marehemu mwanangu alimjengea yeye, na kiwanja nilikitoa mimi kwa mkono wangu. Haondoki. Anayetaka kugawa mali yangu asubiri nife, na sina haraka."

Betri alicheka mpaka machozi. "Mara zinazobaki turuke ya chai, mama. Na hiyo nyingine."

"Weka wimbo," Mama Neno alisema.

Akasoma mara ya pili, chai na yote. Mara ya tatu alikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye "simpendi", hapo sauti ikamkatika na machozi yakamdondokea kwenye kipaza sauti. Visiwa vikasubiri. Akajifuta kwa kiganja, akarudi nyuma kidogo, akalisema neno hilo likasikika vizuri, kisha akaendelea mpaka mwisho.